Taa ya Ng'ambo ya Korongo

Endasak, jioni, kesho unasafiri

Vero mwanangu,

Umetoka na mama kwenda kuaga majirani, na mimi nimebaki na sufuria ya maharage ambayo haina haraka. Ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka uani. Zizi silioni. Naona pembe tu za ng'ombe, zinatembea zenyewe hewani. Nimekaa kwenye kigoda mlangoni, karatasi nimeiweka juu ya daftari langu la jiografia ambalo silihitaji tena, na nimeona nikuandikie sasa, kabla hujarudi. Ukirudi utaanza kuongea, nami nitaanza kukusikiliza, na yangu yatabaki ndani kama siku zote.

Mambo ya sabuni, chandarua, na kumwamkia shangazi asubuhi kabla hata hujanawa uso, bibi ameshakuambia mpaka umeyageuza wimbo. Sitayarudia. Nataka kukuambia habari ya mikono. Siku ya mkutano wa kijiji ulikuwa nje na watoto wenzako, mmekaa juu ya ukuta, uliona watu wazima wakinyoosha mikono na ukapiga makofi bila kujua unapigia nini. Usiku ule uliniuliza, kama tumeshinda, mbona mimi naondoka? Nilikuambia lala. Halikuwa jibu. Jibu lenyewe ni refu, ndiyo hii barua.

Kwanza hilo neno, mwanangu. Najua mtu akiisoma hii atacheka, msichana aliyemaliza kidato cha nne juzi tu anamwandikia mwanawe wa miaka kumi na mitatu. Acha acheke. Mama alipoanza biashara ya samaki kule Basotu ulikuwa ndiyo unajifunza kusimama. Mgongo wa bibi ulikuwa umeshaanza kuuma, kwa hiyo ulibebwa na mimi. Nilikuwa mfupi hata miguu yako ilikuwa inagonga magoti yangu nikitembea. Neno mama ulipolisema mara ya kwanza uliniambia mimi, na mama mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na kapu la samaki, amefika saa hiyo hiyo kutoka Basotu. Alicheka. Halafu akatoka nje akasema anakwenda kuangalia maharage, na maharage yalikuwa bado hayajapandwa.

Shuleni waliniita Mama Vero. Nikichelewa walikuwa wananiuliza, Mama Vero, mtoto leo umemwacha na nani, na mimi ninainama kama kawaida yangu. Siku hizi nikilikumbuka jina hilo nasikia joto zuri kifuani.

Sasa korongo. Siku isiyo na ukungu, ukisimama hapa mlangoni unaona shamba la baba la ng'ambo, lile alilorithi kwa babu, na nyuma yake paa la shule. Linaonekana karibu kabisa, kama kitu unachoweza kukifuta vumbi kwa mkono. Lakini katikati kuna korongo, na msimu wa mvua maji yanakuja kutoka mlimani bila kuaga, mekundu, yanasukuma mawe ambayo unayasikia kifuani kabla hujayasikia masikioni. Nimevuka pale miaka yote ya sekondari. Siku nyingine sikuvuka. Nilikaa ukingoni na sare yangu, soksi nimeziweka mfukoni, nikasikiliza kengele za shule kutoka upande wa pili. Kengele hiyo, wameingia hisabati. Kengele hiyo, sasa kemia, mwalimu anafungua dirisha. Nilikuwa naijua ratiba yote kwa masikio. Wakati mwingine nilifumba macho nikajiona nimekaa kwenye dawati langu, na yule aliyekaa ukingoni nikamwona ni mtu mwingine, namhurumia.

Martina alikuwa anakaa na mimi ukingoni, yule rafiki yangu wa kitongoji cha chini. Msimu wa kwanza alikaa. Msimu wa pili hakushuka tena mpaka korongoni. Hakufukuzwa na hakuumwa. Alichoka kusubiri, akarudi nyumbani. Sasa ana mtoto, unamjua, yule anayependa kuvuta nywele zako.

Ndiyo maana mtendaji wa kijiji alipotangaza kwamba mkutano mkuu utapiga kura kuhusu bweni la wasichana, mimi sikulala vizuri. Habari yenyewe ilikuwa rahisi. Kijiji kitenge eneo karibu na shule, kila kaya ilete mawe na mchanga, halmashauri italeta bati na fundi. Wanakijiji wakikataa, bweni litakwenda kijiji kingine. Wewe ulikuwa umeshachaguliwa kuingia shule hiyo hiyo. Kila nilipofumba macho nilikuona umekaa ukingoni pale mahali pangu, soksi ziko mfukoni.

Na mimi nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane. Kwa mara ya kwanza mkono wangu ungehesabiwa mkutanoni. Niliona mkono mmoja hautoshi, kwa hiyo nikafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea kwangu. Nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Hotuba niliifanyia mazoezi mbele ya ng'ombe. Haki ya elimu, maendeleo ya kata, mtoto wa kike, yote yale ya somo la uraia. Ng'ombe alikubali. Kisha nikaanza kwa Baba Tsere, nikaamkia, nikapewa kiti, nikapewa maziwa ya mgando, nikasema maneno yangu yote nikiangalia kikombe. Baba Tsere akasema, sawa binti yangu, tumekusikia, tutanyoosha mikono. Mama Tsere akaitikia. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nilipewa na mahindi ya kuchoma ya kubeba. Hakuna aliyekataa, Vero, hata mmoja. Jioni nilirudi natembea juu ya majani bila kuyakanyaga. Nilikuambia wote wamekubali. Bibi akaniuliza, wote? Nikasema wote, bibi. Akakoroga chungu chake.

Siku ya mkutano wa kwanza, mzee mmoja alifungua kwa slufay, yale maombi ya kwetu ya zamani. Mzee anaomba mvua, anaomba amani, anaomba mifugo na watoto, na watu wanaitikia pamoja kwa sauti ya chini, kama nyuki ndani ya mzinga. Niliitikia na wengine, na niliwaza kwamba watu wanaoitikia pamoja namna ile watanyoosha mikono namna ile ile. Mwenyekiti akaeleza jambo lenyewe. Kisha akasimama Mzee Gidamis, yule Mbarbaig mwenye ng'ombe wengi anayeishi chini ya shule. Alisema neno moja tu, kwamba eneo lililopangwa nyuma ya shule ni njia ya ng'ombe kwenda majini. Akakaa. Mwenyekiti akaita wanaokubali.

Mkono wangu ulikwenda juu. Nilikuwa nimeutayarisha siku nyingi, ukaenda wenyewe. Kisha nikageuka kuangalia mingine. Kulikuwa na walimu, na mama mmoja wa kwaya, na wachache wengine. Watu waliobaki walikuwa wamejifunika mashuka yao kwa sababu ya baridi, na mikono ilikuwa ndani ya mashuka. Mashuka tu, safu kwa safu, na nyuso zinazotazama pembeni. Baba Tsere alikuwa anaangalia viatu vyake kama amepewa leo. Baba yetu alikuwa amesimama mwisho kabisa, mikono ndani ya koti. Mwenyekiti hakusema limekataliwa. Alisema jambo hili turudi nalo nyumbani, tutakutana tena palizi ikipungua. Ndivyo tunavyofanya huku, jambo likikwama halivunjwi mbele ya watu, linarudishwa nyumbani.

Mimi nilirudi nalo nikalilia zizini. Nilimwambia bibi kwamba watu wa kijiji hiki ni waongo. Bibi alikuwa anapeta maharage. Akasema, "Hawakukudanganya. Ulikuwa kwao. Ulitaka wakuambie hapana na kikombe chao kiko mkononi mwako?"

Nilikumbuka vikombe vyote. Hapa kwetu mtu hamwambii hapana mtoto wa jirani aliyekuja na shikamoo yake na kukaa kwenye kiti chake. Ndiyo yao ilikuwa ya kunipokea mimi. Bweni halikuwemo. Na mimi nimezaliwa hapa hapa, mara ngapi nimemwambia mgeni ndiyo ya namna hiyo, lakini niliposhika hotuba ya darasani nilisahau hata tunavyoongea.

Nilikaa ndani siku kadhaa. Halafu nikaanza mzunguko mwingine, na safari hii sikubeba hotuba. Nilifika, nikaamkia, nikasema leo sijaja kuomba mkono, nimekuja kusikia hapana yako. Nyumba ya kwanza walinitazama kama mgonjwa. Mama Tsere ndiye aliyefungua kinywa. Aliniambia nimfuate jikoni, na akiwa amenipa mgongo akasema mabinti zake ndio wanaochota maji na kukata majani ya ndama, wakilala shuleni nani atachota? Na msichana anayelala nje ya kwao, watu watasema nini? Aliyasema yote haraka haraka, kama mtu anayetua mzigo. Nilimsaidia kumenya viazi, nikaondoka.

Mzee Gidamis alinikuta nimesimama njiani naogopa kuingia bomani kwake. Nikamwamkia. Akanitazama, akaniuliza, "Wewe ndiye yule wa kikombe?" Kumbe habari ilikuwa imeshuka mpaka bondeni. Nikasema ndiyo, babu. Akasema, "Basi leo sikupi maziwa, usije ukasema nimekubali." Wake zake walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nami nikacheka, Vero, mimi, mbele ya watu. Kisha akanipeleka mpaka kwenye njia yenyewe, akanionyesha ng'ombe wanapoingilia na wanapotokea, na jinsi ukiweka ukuta hapo watapita kwenye mahindi ya watu na vita itaanza. Hakuwa na ugomvi na wasichana. Alisema ana wajukuu wa kike. Ugomvi wake ulikuwa na ule ukuta.

Kwa Martina nilikwenda mwisho, nilijua itaniuma. Alikuwa anafua, mtoto yuko mgongoni. Akasema, "Mimi sikufika mwisho, Paulina. Nikapige kura ya bweni la nani?" Nilimwangalia yule mtoto, amelala, mdomo wazi. Martina akageuza shingo akamwangalia na yeye. Tulifua pamoja mpaka nguo zikaisha.

Mama alipiga simu kutoka Basotu jioni hiyo. Nikamsimulia hapana zote nilizokusanya. Alisikiliza, nyuma yake nasikia ndege wa ziwani na watu wanaovuta mitumbwi. Akauliza, "Na hapana ya baba yako?" Baba sikumwuliza. Nilikuwa nimemweka kwenye ndiyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu ni baba, kwa sababu alinisomesha. Hata nilipomwona amesimama na mikono ndani ya koti, nilijiambia ni baridi. Mama akasema, kumbe umezunguka kijiji kizima ukaruka kwako. Hakusema kwa ukali. Nilisikia kama na yeye anajiambia.

Hili ndilo nilitaka ulisikie vizuri. Kwa jirani unakwenda umenawa uso, umetayarisha neno. Kwako unaingia na ndoo, unapita. Ni rahisi kumwomba mtu wa mbali akusikilize kuliko kumwuliza baba yako anaogopa nini.

Nilimfuata shamba la ng'ambo na chakula chake cha mchana. Alikuwa anapalilia maharage. Nilisubiri ale, nikasubiri anywe maji, nikasubiri aanze tena kupalilia, na aliponigeuzia mgongo ndipo nikapata sauti. Nikasema, baba, wewe hapana yako ni ipi?

Alipalilia mstari mzima mpaka mwisho. Akarudi. Akasema, "Mama yako alikwenda Basotu msimu mmoja."

Akakung'uta udongo kwenye jembe.

"Aliniambia msimu mmoja tu, samaki wakipatikana. Mimi nikasema sawa. Ningesemaje?"

Akaendelea na mstari mwingine. Mimi nilibaki nimesimama na bakuli, na nikaiona ile sawa yake ya zamani. Ilikuwa ile ile ya Baba Tsere, ya kikombe mkononi. Mama aliichukua akaenda nayo, miaka yote hii, akidhani ni ndiyo.

Alipofika karibu yangu tena alisema bweni ni Basotu nyingine. Mtoto analala upande ule, anazoea upande ule, siku moja anarudi nyumbani na watu wanamletea kiti. Alisema hivyo tu, kiti. Nilijua hasemi habari ya wasichana wa kata. Anakusema wewe.

Nikakaa chini kwenye ukingo wa shamba, naye akaja akakaa, jembe katikati yetu. Hakukuwa na ukungu siku ile. Nyumba yetu ilikuwa inaonekana ng'ambo, ndogo, na moshi wa bibi umesimama wima juu ya jikoni. Ukatoka wewe na sweta lako jekundu. Ulikuwa unafukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa, kisha ukasahau kuku, ukaanza kuzunguka umefungua mikono, unazunguka tu, peke yako, unadhani hakuna anayekuona. Tulikuangalia mpaka ulipopata kizunguzungu ukaketi.

Baba akasema, "Kumbe kutoka hapa anaonekana."

Akainuka akaendelea na kazi. Sikuelewa. Niliosha bakuli kwenye maji ya korongo nikarudi nyumbani nikiwa na huzuni, nikijua nimepata hapana ya kweli kabisa, na kwamba mkono wa baba sitaupata. Hata hivyo nilikuwa nalala vizuri zaidi ya siku zile za ndiyo nyingi.

Mama alikuja kwa mkutano wa pili. Alisema jina lake bado liko kwenye daftari la kijiji hiki na mkono wake ni wa hapa. Alishuka kwenye bodaboda ananukia samaki na ziwa, akamwamkia bibi, na baba akampokea mzigo. Baba hakumletea kiti. Aliuweka mzigo chini akasema maharage ya hapa uani yamekauka, njoo tupure. Mama akavua viatu akamfuata.

Mkutanoni watu walisema. Sijui kama ni kwa sababu yangu. Nadhani hapana zikishatoka jikoni mara moja, hazirudi ndani kirahisi. Mama Tsere alisimama, mwanamke ambaye hajawahi kusimama mkutanoni, akauliza habari ya maji ya kuchota. Mwenyekiti akakiri kwamba hilo hawakuliwaza. Wanaume wawili wakacheka, na bibi yetu akawageukia akauliza kama wao wanajua ndoo inashikwa wapi. Wakaacha kucheka. Mzee Gidamis akaeleza njia yake, safari hii akaeleza kirefu, na watu wakamsikiliza. Jambo likaanza tena kukwama. Niliona mashuka yanafungwa vizuri, niliona mikono inarudi ndani.

Ndipo baba akatoka kule mwisho alikokuwa amesimama. Unajua anavyoongea, kama anayeokota maneno chini. Alisema ana shamba mbele ya shule, ng'ombe hawapiti pale. Kijiji kilichukue, kimpe yeye kipande kile cha juu chenye mawe ambacho hakina mtu.

Mtu mmoja nyuma akamwambia, "Baba Paulina, na maharage yako?"

"Nitapanda kwenye mawe," baba akasema. Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akasema ana neno moja zaidi, madirisha yaangalie kwake.

Mwenyekiti akauliza, yaangalie wapi? Baba akanyoosha kidole kuvuka korongo, kwenye nyumba yetu. Akasema, "Taa ikiwaka nione."

Hakuna aliyecheka hapo. Mwenyekiti akamwambia mtendaji aandike kama mzee alivyosema, madirisha yaangalie kule. Kisha akaita wanaokubali.

Mikono ilitoka polepole. Mingine ilianza kwa kujikuna kichwa, kama imepotea njia, halafu ikaendelea juu. Mzee Gidamis aliinua fimbo yake. Martina aliinua mkono wake na wa mtoto wake, na mwenyekiti akasema huyo hajafika umri, Martina akajibu mshike wa mama yake basi, wa huyu mtakuja kuuhesabu. Baba alimtafuta mama kwa macho kwanza upande wa wanawake. Mama alikuwa ameshanyoosha, anamwangalia. Ndipo akanyoosha na yeye. Nilisahau mkono wangu, Vero. Bibi ndiye aliyenipiga begani akaniambia, na wewe je?

Mama Tsere hakunyoosha. Nilimwona na hakunificha, na sikumkasirikia hata kidogo, maana hapana yake alinipa mwenyewe, nikiwa nimeshika viazi vyake. Juzi nimemwona anashusha mawe pale mbele ya shule, yeye na mabinti zake, kabla ya kaya nyingine yoyote. Nilimwamkia. Akasema mkutano ukishaamua, mawe hayabaki nyumbani.

Kwa hiyo hili ndilo jibu lako. Tumeshinda, na unaondoka. Bweni sasa ni rundo la mawe tu, mvua imeshaanza, korongo linanguruma kila inaponyesha, na shangazi yako wa kijiji cha Maretadu anaishi karibu na shule ya kule. Utasoma kule mpaka paa likae hapa, ndipo uhamie shule yetu. Kesho mtapita Basotu pamoja na mama. Barabara ile inapita kwenye mashamba ya ngano, na yakiwa mabichi upepo unayapeleka kama maji, halafu unaona maji yenyewe, na kwa muda hujui ngano imeishia wapi na ziwa limeanzia wapi. Angalia kwa niaba yangu. Mama anasema akimaliza msimu huu atarudi, na baba safari hii hakusema sawa. Alisema, sitaki uende. Nilikuwa jikoni nasikia. Kesho mama anakwenda hata hivyo, kufunga biashara yake. Alinong'ona kwamba hajawahi kusikia neno hilo nyumba hii.

Mimi ni mwoga, unanijua. Nakuomba usinirithi hilo. Shangazi akikuuliza umeshiba na hujashiba, mwambie. Baba akipiga simu usimwambie nzuri tu. Na ukiwa mkubwa, siku ukitaka watu wanyooshe mkono kwa ajili ya jambo zuri, usifurahi haraka wakikubali. Kaa nao, menya viazi. Uliza wanaogopa nini, na uanzie nyumbani. Hata huko Maretadu unaweza kuanza. Mwulize shangazi kama huwa anakwenda mikutano ya kijiji chao. Akisema anakwenda, mwulize mkono wake huwa uko wapi.

Nasikia sauti yako chini kwenye njia, unamcheka mama. Ngoja nimalizie.

Baba hajaja bado. Yuko ng'ambo tangu mchana, anang'oa maharage ambayo hayajakomaa vizuri ili fundi apate pa kuanzia msingi. Simwoni kwa ukungu, nasikia jembe tu. Hatakuaga kesho kwa maneno, usimsubiri kwa hilo. Lakini hiki kigoda ninachokalia ni chake. Miaka yote kilikuwa jikoni karibu na moto. Tangu siku ya mkutano amekihamishia hapa mlangoni, akikaa mgongo unageukia moto na uso unaelekea korongo. Jioni anakaa hapa, anatazama giza la ng'ambo pale ambapo hakuna dirisha bado.

Usiku wa kwanza utakaolala bwenini, usizime taa mapema.

Ni mimi niliyekubeba miguu yako ikigonga magoti yangu,
Paulina